Sura ya Tano: Waya Mbili Nyuma ya Meko

Katika nyumba nyingi za Marekani na Canada, kando ya meko ya gesi ya sebuleni, pana swichi ukutani inayofanana na swichi ya taa kwa kila hali. Kifuniko ni kilekile cheupe, inabonyezwa vilevile, na mara nyingi imepachikwa bega kwa bega na swichi za taa zenyewe. Ukiibonyeza, vali ya gesi hufunguka chini ya kioo, moto hushika kwa mvumo mfupi, na magogo ya bandia huanza kung'aa. Mtu aliyekwisha kuzifanya taa zake zote zitii simu huitazama swichi hiyo na kujiambia kwamba imebaki hiyo moja tu. Ananunua swichi janja nyingine ya taa, anafungua kifuniko kwa bisibisi, anakuta waya mbili nyembamba. Kuanzia hapo kila anachofanya ni kosa.

Waya zile hazina umeme wa nyumba. Umeme uliomo haufiki hata volti moja, wala hautoki kwa kampuni ya umeme. Unatengenezwa na moto wenyewe, palepale, na ndiyo maana inafaa kuyaelewa meko kwanza kabla ya kuzungumzia simu.

Chini ya magogo kuna mwali mdogo usiozimwa, ambao mafundi huuita pailoti. Mwali huo unalamba vijiti viwili vya chuma: chembamba ni themokapo, kinene ni themopaili. Kinachotokea ndani ya vijiti hivyo kiligunduliwa mwaka 1821 na Thomas Johann Seebeck, mwanafizikia wa Kijerumani mzaliwa wa Tallinn. Aliunganisha metali mbili tofauti zikafanya duara, akapasha joto upande mmoja wa maungio, akaona sindano ya dira iliyokuwa karibu inageuka. Seebeck mwenyewe alishikilia kwamba ile ni sumaku iliyozaliwa na joto. Ni wengine waliotambua kwamba ni mkondo wa umeme. Alikosea maelezo, lakini ugunduzi ukabaki na jina lake.

Themokapo hutoa milivolti 20 hadi 30 hivi, na kazi yake ni moja: kuishikilia sumaku ndogo inayoiacha gesi ya pailoti ipite. Themopaili ni themokapo nyingi zilizounganishwa kwa mfululizo, nayo hutoa milivolti 500 hadi 750. Hizo ndizo zinazofungua vali kubwa. Swichi ya ukutani haiongezi chochote katika hesabu hii. Inazigusanisha waya mbili tu, na milivolti zikapata njia ya kurudi kwenye vali.

Sasa fikiria pailoti ikizimika, iwe kwa upepo uliopenya bombani au kwa uchafu ulioziba tundu lake. Vijiti vinapoa, umeme unakatika, sumaku inaachia, gesi inafungwa. Hakuna kompyuta iliyoulizwa, hakuna betri iliyotakiwa kuwa na chaji. Nimesoma vitabu vingi vya vifaa vya nyumbani na sijakutana na mpango wa usalama ulio mfupi kuliko huu.

Faida yake kubwa huonekana siku umeme unapokatika. Dhoruba ya barafu ya Januari 1998 iliangusha nguzo na minara ya umeme Quebec na mashariki ya Ontario. Mamilioni ya watu walikaa gizani, wengine kwa wiki kadhaa, katikati ya majira ya baridi. Februari 2021 ikawa zamu ya Texas, ambako nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zilikosa umeme huku baridi ikishuka chini ya sifuri katika jimbo lisilojenga nyumba zake kwa ajili ya hali hiyo. Tanuri kubwa la gesi linalopasha nyumba nzima halikuwa na msaada, kwa sababu feni yake na ubao wake wa elektroniki vinataka umeme. Watu waliwasha majiko ya mkaa ndani ya vyumba, wakawasha magari ndani ya gereji, na kaboni monoksidi ikaua. Lakini palipokuwa na gesi bombani na meko ya milivolti ukutani, mtu alibonyeza swichi na moto ukaja.

Nasimulia hayo kwa sababu kazi tunayoitaka kuifanya inaweza kuiharibu sifa hiyo bila mwenye nyumba kujua, mpaka usiku atakapoihitaji. Ukifunga ujanja wako vibaya, meko yaliyoweza kuwaka katikati ya dhoruba yatasubiri Wi-Fi irudi.

Una meko gani?

Si meko yote yana pailoti ya kudumu. Viwanda vimekuwa vikihamia kwenye uwashaji wa kielektroniki, kwa kuwa pailoti inakula gesi usiku na mchana, Julai na Agosti ikiwemo. Katika aina hii mpya, ukiomba moto, ubao mdogo hutoa cheche za tik-tik-tik, pailoti inashika, kisha gesi kubwa inafunguliwa. Ubao unajuaje kwamba pailoti imeshika? Hewa iliyomo ndani ya mwali hupitisha umeme kidogo sana, na huupitisha vizuri zaidi kuelekea upande mmoja. Ubao hutafuta mkondo huo mdogo; usipouona kwa sekunde kadhaa, unafunga gesi. Umeme wa ubao hutoka kwenye adapta ya volti chache, na mengi ya meko haya yana kisanduku cha betri za akiba chini, nyuma ya kifuniko cha chuma. Wenye nyumba wengi hawajawahi kukifungua. Au wamekifungua na kukuta betri zilizooza tangu mwenye nyumba aliyetangulia.

Kutofautisha ni rahisi. Zima meko, uchungulie chini ya magogo. Ukiona mwali mdogo unaendelea kuwaka, karibu kila mara ni ya milivolti. Ukisikia cheche unapoyawasha, ni ya kielektroniki. Nasema karibu kila mara kwa sababu baadhi ya meko ya kielektroniki yana swichi ya kuiacha pailoti iwake mfululizo wakati wa baridi kali, ili bomba la moshi lisipoe. Jibu la mwisho liko kwenye kibati cha maelezo, ambacho hufungwa kwa mnyororo mfupi au kubandikwa ndani ya kifuniko cha chini. Wakati umepiga magoti hapo, soma jambo la pili: je, meko hayo yameidhinishwa kama chombo cha kupasha joto, au kama pambo? Tofauti haionekani kwa macho, lakini yale ya pambo hayakukusudiwa kuendeshwa na themostati inayoyawasha na kuyazima yenyewe.

Kosa la swichi ya taa

Swichi janja ya taa hupokea volti 120 upande mmoja na kuzitoa upande wa pili. Ukiifunga kwenye waya za meko, umepeleka kwenye vali mara 160 ya umeme iliyozoea. Ni sawa na kumiminia petroli kibatari kilichotengenezwa kwa mafuta ya taa. Waya mwembamba ndani ya vali huungua mara moja, na vali ya gesi haitengenezwi. Inabadilishwa nzima, na fundi wa gesi mwenye leseni.

Kinachotakiwa ni rilei yenye skrubu mbili zisizo na umeme wowote ndani yake, zinazogusana na kuachana tu kwa amri. Ubongo wa rilei hula umeme wake upande mwingine, kwa kawaida kutoka adapta ya volti 12, na pande hizo mbili hazikutani. Ziko za Wi-Fi, na ziko za Zigbee na za Z-Wave, mitandao ya redio ya vifaa vya nyumba janja. Kwa msomaji anayeagiza vifaa kwa ndugu aliye Ulaya au Dubai: Z-Wave ya Amerika ya Kaskazini hutumia masafa tofauti na ya huko, kwa hiyo kifaa kitakuja kizima na hakitasikilizana na chochote nyumbani mwako.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ndilo husumbua kazi zilizofungwa vizuri kabisa. Mguso wa rilei ya kawaida umetengenezwa kwa ajili ya taa na mota. Kila inapofunga na kufungua chini ya volti 120, cheche ndogo huunguza utando wa kutu unaoota juu ya chuma. Nusu volti haina nguvu ya kutoa cheche hiyo. Utando unakua taratibu, na baada ya miezi kadhaa simu inasema meko yamewashwa, rilei inasikika ikibofya, na moto hauji. Mwenye nyumba anailaumu vali, anailaumu themopaili, anamwita fundi. Dawa ni kuchagua rilei yenye mguso uliopakwa dhahabu, iliyotengenezwa kwa mikondo midogo. Rilei moja kama hiyo inaweza kuwekwa kati, ikiamrishwa na ile janja, na kazi ikaisha.

Urefu wa waya nao unahesabika. Katika saketi ya volti 120 hakuna anayejali mita tano za ziada, lakini kwenye nusu volti kila kiungo kilicholegea na kila waya mwembamba hupunguza kilichofika kwenye vali. Hapo kuna mvutano: rilei ikae karibu ili waya uwe mfupi, lakini isikae karibu mno, kwa kuwa chumba kilicho chini ya moto hupata joto ambalo plastiki na elektroniki haziwezi kulivumilia miaka mingi. Mahali panapofaa mara nyingi ni ndani ya ukuta nyuma ya swichi ya zamani, au kabati la jirani. Usiiweke kwenye kisanduku kimoja na waya za taa. Kanuni za umeme za Marekani hazikubali waya hizi dhaifu zichanganyike na za volti 120 bila kizuizi kati yao, na sababu yake tumeiona hapo juu.

Kuhusu themostati maarufu za ukutani, nitakuwa mfupi. Zile za kisasa, kuanzia Nest iliyoingia sokoni 2011, zilibuniwa kwa matanuri yenye umeme wa volti 24, na hula kidogo kutoka humo ili kuishi. Meko ya milivolti hayana cha kuzilisha. Bila rilei katikati, hazifai.

Nani atayazima?

Chukua nyumba ya ghorofa mbili Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis, mji wenye Wakenya na Waliberia wengi, na ambako usiku wa Januari hufika nyuzi 14 hivi chini ya sifuri bila mtu kushangaa. Mtoto amezaliwa, na bibi amekuja kutoka nyumbani kumlea mjukuu huku wazazi wakigawana zamu za kazi. Mwana wa nyumba amefunga rilei yake wikendi na anajivuna.

"Mama, hayo meko usiyahangaikie, yanawashwa na simu."

"Na ukienda kazini na simu yako, baba, mimi nitayazima kwa kutumia nini?"

Mazungumzo haya nimeyatunga, lakini swali la mama huyo ndilo swali zima la sura hii. Mafunzo yote ya kufunga meko kwenye simu huanza na kuwasha: unatoka ofisini, unabonyeza, unafika nyumbani sebule ina joto. Kuwasha ndiyo sehemu rahisi, kwani ni waya mbili kugusana. Ufundi uko kwenye kuzima, tena kuzima kunakofanywa na mtu yeyote aliyesimama mbele ya meko, asiyejua neno la siri la Wi-Fi.

Wengi huziunga waya za rilei sambamba na swichi ya zamani. Wanaona ni busara, maana swichi inaendelea kuwasha na simu inawasha. Lakini tazama upande wa kuzima. Rilei ikiwa imeshikana, kwa amri au kwa hitilafu, bibi atabonyeza swichi mara kumi na moto utaendelea. Njia moja imefungwa, nyingine iko wazi, na milivolti zinapita kwenye iliyo wazi.

Basi mwingine anasema, tuiweke swichi kwa mfululizo na rilei. Ikizimwa, imekata kila kitu. Ni kweli, na bibi sasa ana mamlaka. Ila umeme ukikatika, rilei imeachia, swichi peke yake haiwezi kuifunga saketi, na yale meko yaliyowaka mwaka 1998 na 2021 yako kimya. Tumemlinda bibi siku za kawaida tukamwacha agande siku ya dhoruba.

Jawabu ni swichi mbili kwenye kisanduku kimoja, na kwa maoni yangu hakuna sababu ya kufanya vinginevyo. Ya kwanza ni ya mamlaka: inakaa kwa mfululizo mbele ya kila kitu, na ikiwa chini hakuna simu, sauti wala ratiba inayoweza kuleta moto. Ya pili inakaa sambamba na rilei, baada ya ile ya kwanza. Siku ya kawaida, ya kwanza iko juu na ya pili iko chini, na simu inafanya kazi yake. Umeme ukikatika, zote mbili zinapandishwa na meko yanawaka kama yalivyotoka kiwandani. Bibi anatakiwa kujua jambo moja tu, kwamba ya kwanza ikishushwa moto unazima. Ibandike kipande cha karatasi nyekundu.

Nyumba yenye meko ya kielektroniki inahitaji mpango huohuo wa swichi, pamoja na ukaguzi wa zile betri za akiba kila mwanzo wa msimu. Mengi ya meko hayo pia huja na rimoti, na wapo wanaochagua njia ya mkato: kisanduku cha redio kinachoiga rimoti. Kinanasa mawimbi yake, ambayo Amerika ya Kaskazini mara nyingi ni ya megahezi 315, kisha kinayarudia simu inapoamuru. Hakuna waya unaoguswa, jambo linalowafaa wapangaji. Kasoro yake ni kwamba habari huenda upande mmoja. Kisanduku kinatuma "washa" na kuandika kwenye simu kwamba meko yamewaka, bila kujua kama yalisikia. Mtu aliyeketi sebuleni akiyawasha kwa rimoti halisi, simu itaendelea kudai yamezimwa. Anayetumia njia hii aongeze kihisi cha joto karibu na meko, mahali pasipochomwa, ili simu isome joto lenyewe badala ya kumbukumbu yake.

Wakati intaneti haipo

Rilei ina mipangilio miwili inayozidi mingine yote kwa umuhimu. Wa kwanza unauliza ifanye nini umeme ukirudi baada ya kukatika: ikumbuke hali ya mwisho, iwashe, au izime? Chagua kuzima. Ukiacha ya kukumbuka, umeme uliokatika saa 4 asubuhi utarudi saa 8 mchana na meko yatawaka katika nyumba isiyo na mtu. Wa pili ni kipima muda cha kujizima, saa 1 au 2. Hiki kiwe ndani ya rilei yenyewe. Kipima muda kilichoko kwenye programu ya simu au kwenye seva ya mbali ni ahadi ya mtu mwingine, na mtu huyo anaweza kufunga duka.

Imeshatokea. Revolv, kitovu cha nyumba janja kilichouzwa dola 300, kilinunuliwa na Nest mwaka 2014, na Mei 2016 seva zake zikazimwa. Vifaa vilivyokuwa vizima vikawa mapambo ya rafu. Aprili 2022 watumiaji wa Insteon, mfumo mwingine wa nyumba janja, waliamka wakakuta seva zimekufa bila tangazo la awali. Taa ikikosa seva, unaibonyeza kwa mkono na kulalamika. Meko yaliyokuwa yanangoja amri ya kuzimwa kutoka kwenye seva hiyo yangeendelea kuwaka. Ndiyo sababu wapenzi wa kazi hii hupendelea programu inayokaa ndani ya nyumba, kama Home Assistant iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, ambayo haihitaji kutoka nje ya ukuta ili rilei ibofye.

Amri za sauti nazo ni za kutazama mara mbili. Spika haijui sauti ya mtoto wa miaka minne haipaswi kuwasha moto. Njia nyepesi ni kuiruhusu sauti izime tu, isiwashe.

Na mtoto ndiye anayenirudisha kwenye kioo. Kioo cha meko ya gesi kinaweza kufika nyuzi 260 za Selsiasi, na hakipoi mara moto unapozimwa. Watoto wanaojifunza kutembea huunyoshea mwanga viganja vyote viwili. Majeraha ya namna hiyo yalikuwa mengi kiasi kwamba tangu 2015 viwango vya Marekani na Canada vinataka meko mapya yenye kioo cha moto hivyo yauzwe na wavu wa kinga. Meko ya zamani hayana. Anayewasha kwa swichi ya ukutani anakiona kilicho mbele ya kioo: mtoto, mto wa kochi, nguo zilizoanikwa zikauke. Anayewasha akiwa barabarani haoni. Wavu ununuliwe kabla ya rilei.

Meko yasiyo na bomba la kutoa moshi nje yasiunganishwe na simu kabisa. Yanatoa kila kitu chumbani, mvuke na gesi zote za mwako, na kinga yake ni pailoti maalumu inayozimika hewa ya oksijeni inaposhuka hadi karibu asilimia 18 kutoka 21 ya kawaida. California na Canada hazikuyakubali. Kama unayo, yawashe ukiwa umeketi mbele yake, dirisha limefunguliwa kidogo.

Kwa meko yenye bomba, kigunduzi cha kaboni monoksidi ni cha lazima sebuleni na karibu na vyumba vya kulala, kwa kuwa gesi hiyo haina rangi wala harufu. Gesi asilia yenyewe pia haina harufu; ile ya yai viza tunayoijua imetiwa makusudi. Tarehe 18 Machi 1937, shule ya New London, Texas, ililipuka kwa gesi iliyovuja chini ya jengo bila mtu kuinusa. Shule ilikuwa imejiunga na bomba la gesi ya masalio ya visima vya mafuta ili kuokoa gharama. Cheche ilitoka kwenye mashine ya umeme ya kusugulia mbao iliyowashwa karakana. Wanafunzi na walimu karibu 300 walikufa, na Texas ikapitisha sheria ya kuitia gesi harufu majuma machache baadaye.

Kwa hiyo ukinusa harufu ile, usiguse swichi yoyote, wala usichukue simu kuyazima meko kwa programu. Rilei ni swichi. Toa watu nje, nenda mbali na nyumba, kisha upige simu kwa kampuni ya gesi.

Mwite fundi kabla ya msimu

Kufunga waya za swichi kunaweza kuwa kazi ya mwenye nyumba mwenye mkono mtulivu. Kugusa bomba, vali au pailoti si kazi yake. Ontario, kwa mfano, kazi za gesi ni za mafundi wenye cheti cha TSSA, mamlaka ya usalama wa kiufundi ya jimbo hilo, na majimbo na miji mingi ya Marekani ina masharti yake ya leseni na vibali. Mwambie fundi waziwazi kwamba umeongeza rilei. Atapima milivolti za themopaili rilei ikiwa imefunga na ikiwa imeachia, na tofauti ya namba hizo itamwambia kama waya zako zinakula umeme kuliko inavyofaa. Mwombe pia kusafisha pailoti na kukagua bomba la nje. Viota vya ndege na theluji vimezima meko mengi kuliko programu mbovu.

Akishaondoka, fanya majaribio yako jioni moja ukiwa hapohapo, mtoto akiwa chumba kingine. Washa kwa simu, kisha chomoa kifaa cha Wi-Fi na uangalie kama kipima muda kitayazima bila msaada. Washa tena, ukate umeme wa rilei: moto uzimike papo hapo. Urudishe umeme: moto usiwake. Pandisha swichi zote mbili huku rilei ikiwa haina umeme, uone kama meko yanawaka. Mwisho, washa kwa simu na umwite mtu wa nyumbani asiyejua chochote kuhusu mradi wako, umwambie ayazime. Akisita kati ya swichi mbili, karatasi nyekundu haijabandikwa vizuri. Likishindikana lolote kati ya hayo mengine, fungua rilei uirudishe dukani.